Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO: Tunaomba Hesabu ya Kiswahili



Mheshimiwa, niwie radhi kwa kukuandikia hadharani badala ya kubisha hodi ofisini kwako Paris. Kabla ya lolote, pokea shukrani zangu. Novemba 2021 shirika lako liliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tuliipokea heshima hiyo kwa mikono miwili. Ndiyo inayonipa ujasiri wa kuleta ombi.

Historia ya shirika hilo unaijua kunishinda. Mwaka 1980, chini ya uongozi wa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, tume iliyoongozwa na Seán MacBride ilieleza waziwazi jinsi habari za dunia zilivyotoka kwa wenye nguvu kwenda kwa wanyonge. Mjadala ukageuka ugomvi. Marekani ikajitoa mwishoni mwa 1984, Uingereza mwaka uliofuata. Kwa idhini yako niseme kwamba hofu ya waliopinga haikuwa ya bure. Miongoni mwa serikali zilizodai haki katika habari zilikuwamo zilizowafunga waandishi wao wenyewe.

Kwa hiyo siombi serikali yoyote ikabidhiwe fimbo. Naomba hesabu tu.

Siku hizi kampuni za mitandao ya kijamii ndizo zinazoamua kwa sehemu kubwa Mswahili wa Mombasa, Bukavu au Muscat aone nini. Uchochezi ukiandikwa kwa Kiswahili cha Goma, kilichochanganyika na Kifaransa, nani anausoma? Anakielewa Kiswahili hicho, au amezoea cha Unguja? Na aliyefutiwa taarifa ya kweli akikata rufaa, anasikilizwa na binadamu au na mashine? Hakuna anayelazimika kutujibu.

Ulaya wanajibiwa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2022, inayataka majukwaa makubwa kabisa yaeleze yana wakaguzi wa maudhui kiasi gani kwa kila lugha rasmi ya nchi wanachama. Kimalta kimo, lugha ya nchi yenye watu nusu milioni hivi, wala sikionei kijicho, kinastahili. Kiswahili, ambacho shirika lako linasema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakina sheria ya kukiulizia.

Mwongozo wa UNESCO wa 2023 kuhusu usimamizi wa majukwaa ya kidijitali ni kazi njema, ila kuufuata ni hiari. Ninakusihi kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, uziite kampuni hizo na kuzitaka zichapishe kila mwaka, lugha kwa lugha: wakaguzi ni wangapi, wanafanyia kazi wapi, wameajiriwa na nani, na rufaa ngapi zimesikilizwa. Kiswahili kiwe na mstari wake. Zitakazokataa, tafadhali zitaje kwa majina mbele ya Mkutano Mkuu.

Nabaki mtiifu wako,

Mwandishi wa Kiswahili