Ndoo Moja, Majibu Matatu

Tangu Rais Jimmy Carter alipotia saini mwaka 1978 sheria iliyowaruhusu Wamarekani kujipikia bia nyumbani, hofu ya polisi imehama jikoni mwao na nafasi yake imechukuliwa na hofu ya haidromita. Ni kijiti cha kioo, chini kizito, juu kina karatasi yenye namba. Kinaelea kwenye maji ya kimea na kuonyesha yamekolea sukari kiasi gani: maji matupu husoma 1.000, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo kijiti kinavyonyanyuka na namba inavyopanda. Mtu aliyenunua kimea cha kopo, akakichemsha na maua ya hopsi, akakipoza, hutumbukiza kijiti hicho akitarajia 1.047 na kukuta 1.030. Hapo huanza kulaani kiwanda, duka na shayiri yenyewe. Nashikilia kwamba hana sababu. Kwa bia ya kopo, siku ya kupika, penseli, yaani hesabu ya karatasini, inaaminika kuliko haidromita, na anayeiasi penseli kwa ajili ya kioo mara nyingi huishia kuitibu bia isiyoumwa.

Anayepika kwa nafaka ana haki ya kuwa na wasiwasi. Shayiri iliyosagwa vibaya, au iliyolowekwa kwenye maji yenye joto lisilofaa, huweza kumnyima sukari aliyoitegemea. Wa kopo hana udhuru huo, maana kazi ya kuitoa sukari ilikwisha kufanyika kiwandani, na alichonunua ni sukari hiyo ikiwa rojo zito au unga. Kilo moja ya rojo, ikiyeyushwa ikawa lita moja, hutoa pointi 300 hivi juu ya ile 1.000, ya unga hutoa 365 hivi. Chukua makopo mawili ya kilo moja na nusu na ndoo ya lita 19. Kilo 3 mara 300 ni 900. Gawanya kwa 19, unapata 47. Bia hiyo inaanzia 1.047 hata haidromita ikibaki kabatini. Sukari haipandi na mvuke wala haina miguu. Iliyoingia sufuriani imo.

Basi ile 1.030 ilitoka wapi? Sufuria nyingi za nyumbani hazibebi lita 19, kwa hiyo mpishi huchemsha rojo lote katika lita 10 za maji, kisha humimina ndooni na kujazia lita 9 za maji baridi. Ukipiga hesabu, yale maji ya sufuriani yana 1.090. Ni mazito, yanatulia chini, na maji matupu yanayakalia juu. Ni kisa kilekile cha chai ambayo haikukorogwa: anayeonja juu hulalamika haina sukari, na anayemaliza kikombe hukunja uso. Mpishi akichota juu anapata 1.030, akifungua koki iliyo chini ya ndoo anapata 1.070, na haidromita imesema kweli mara zote mbili, ila imeulizwa habari za kipande tu cha ndoo. Balaa huja na tiba. Aliyesoma 1.030 anaongeza nusu kilo ya sukari, bia inaanzia 1.057, na kileo kilichokusudiwa kuwa asilimia 4.6 kinakaribia 6, jambo ambalo wageni hugundua wanapojaribu kusimama. Aliyesoma 1.070 anaongeza maji, kisha mwezi mzima anajiuliza kwa nini bia yake imepooza. Dawa ilikuwa mwiko safi na dakika chache za kukoroga kwa nguvu kabla ya kutia hamira, tena mkorogo huo unaingiza hewa ambayo hamira inaihitaji.

Hata maji yakikorogwa, haraka ina njia nyingine ya kudanganya. Haidromita hutengenezwa kwa joto maalumu, mara nyingi nyuzi 20 za Selsiasi, au 15.6 kwa nyingi za Kimarekani, na kiwango hicho kimeandikwa palepale kwenye karatasi yake, mahali ambapo wachache hutupa jicho. Maji ya nyuzi 40 ni mepesi kuliko ya nyuzi 20, kijiti kinazama zaidi, na pointi kama 6 zinapotea bila mwizi.

Mtu atapinga kwamba hesabu nayo hukosea. Ni kweli, lakini makosa yake yanahesabika. Rojo la gramu 100 lililogandia kwenye kopo ni upungufu wa pointi moja na nusu hivi, na linatoka kwa kusuuza na maji moto. Alama ya ndoo iliyochorwa pembeni kwa lita moja inabadili pointi mbili. Kosa kubwa zaidi ni la galoni: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, hivyo makopo yaleyale mawili katika "galoni tano" za Mwingereza hushuka hadi 1.040 bila mtu yeyote kudhulumiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye kilo na lita humaliza kesi hizi zote kabla kijiti hakijalowa.

Mwingine atauliza: kwa nini basi kuinunua haidromita, na bibi zetu wa Kilimanjaro wanapika mbege ya ndizi na ulezi bila kijiti chochote? Bibi wako sawa, kwa sababu mbege hunywewa ingali inachacha, na gesi yake inajiendea zake. Bia ya nyumbani Marekani hufungiwa ndani ya chupa yenye kizibo, ambamo gesi haina pa kutokea na ikizidi huipasua, na hapo ndipo penseli inaponyamaza. Hesabu inajua kilichoingia. Haijui hamira imekula kiasi gani. Ni haidromita tu, ikitoa namba ileile mara mbili kwa kupishana siku mbili tatu, tuseme 1.012, inayotoa ruhusa ya kufunga. Nayo ina masharti: uizungushe kidogo ili mapovu yaliyoing'ang'ania yaachie, la sivyo yatainyanyua na kukusomea juu. Anayetumia rifraktomita, ile inayotaka matone mawili tu, akumbuke kuwa kileo hupotosha mwanga, na bia iliyokwisha kabisa kwenye 1.012 huweza kujionyesha kama 1.024. Wengi wameitilia hamira mpya bia ambayo haikuwa na njaa.

Kwa hiyo siku ya kwanza isikilize penseli, na siku ya mwisho isikilize haidromita. Wanaopindua utaratibu huu hawafichiki: mwanzoni wanakorogea sukari bia iliyokuwa nayo ya kutosha, na mwishoni wanafagia vigae vya chupa.