Hodi ya Amapiano

Logidramu, ile besi inayodunda kwenye amapiano, si sauti ya kuaminika. Ukiisikiliza kwenye simu, ni mtu anagonga mlango. Ukiisikiliza kwenye spika ya inchi 15, ni mlango wenyewe unang'oka. Mimi nimeamua kuiunda kuanzia sifuri, nyumbani, kwenye vyumba viwili vya kupanga Mbagala, ukuta wetu ukiwa ndio ukuta wa mama mwenye nyumba. Naye ni mtu wa heshima zake. Hawezi kusikia hodi akanyamaza.

"Karibu!" akaitikia kutoka upande wa pili.

Nikazungusha kitufe kidogo, nikabonyeza noti ileile.

"Nimesema karibu! Pita, mlango uko wazi!"

Nikabonyeza nyingine, ya chini zaidi. Nikasikia kandambili zikiburuzwa ukumbini, komeo likivutwa, kimya kidogo, kisha: "Watoto wa siku hizi hawana adabu kabisa."

Nilizima taa.

Sayansi yenyewe inaelezeka kirahisi, kazi ni kuishi nayo nyumba moja. Mwaka 1967 John Chowning, mtunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akichezea kwenye kompyuta ule mtetemo ambao mwimbaji wa taarabu huuachia mwishoni mwa mstari. Akawa anauongeza kasi. Sauti ikitetema mara sita kwa sekunde, unasikia mtetemo. Ikitetema mara mia kadhaa, sikio linashindwa kufuatilia, na badala ya mtetemo linasikia sauti nyingine kabisa: tarumbeta, kengele, ngoma. Mawimbi mawili tu, moja linabeba na jingine linatikisa. Ndiyo FM, ileile ya redio. Kampuni za vinanda za Marekani zilipoonyeshwa hazikuona cha kununua, na Stanford yenyewe ikamwacha Chowning aende zake. Wajapani wa Yamaha ndio walioelewa. Wakachukua leseni, mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7, na chuo kikavuna mamilioni ya dola, Chowning akiwa ameshaitwa arudi. Historia hii mimi humsimulia mke wangu kila anapouliza shughuli hii itaingiza pesa lini. Ameshaikariri, na swali halijaisha.

DX7 ilikuwa na mawimbi sita kwa kila noti, njia 32 za kuyaunganisha, na kioo kidogo cha kusomea namba. Wanamuziki wengi waliipa kisogo kazi ya kuunda sauti wakatumia zilizotoka nazo kiwandani, ndiyo maana nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ya themanini zinapigiwa piano moja. Siwalaumu. Ukikosea uwiano wa mawimbi tu, umepotea. Linalotikisa likiwa mara mbili au tatu kamili ya linalobeba, unapata sauti inayoimbika. Likiwa mara 1.4, unapata chuma cha kengele. Jumapili moja mchana nilikuwa napita hapo kwenye 1.4 nikielekea 2, watoto wa jirani wakatoka mbio na sarafu mkononi kumtafuta muuza askrimu. Mmoja alikaa kizingitini akilia mpaka baba yake akaja kunipa hiari: ninunue askrimu au nifunge kiwanda. Nilinunua, na kwa kuwa mtoto mmoja hali askrimu peke yake uani, nilinunulia uani kote.

Siri ya logidramu ni kwamba mtikiso wote huja mwanzoni, kisha hufa upesi na kuliacha wimbi la chini limesimama peke yake. Hodi kwanza, halafu kina. Mtikiso ukichelewa kufa, unapata gitaa linaloumwa. Ukiwahi mno, hakuna hodi, ni mngurumo wa tumbo. Usiku mmoja ukatoka sawasawa. Nilinyanyua mikono juu. Chumba cha pili mke wangu alikuwa anapiga pasi sare za shule, luku ikiwa na uniti za kuombea dua, na laptopu yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya. Giza likaingia.

"Umeme umekwisha," akasema mke wangu, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza shati la mwisho.

Halafu kuna spika. Vispika vya laptopu havitoi kitu cha maana chini ya hezi 100, na kina cha logidramu kipo huko chini, hezi hamsini na kitu. Unaongeza besi, husikii. Unaongeza tena, husikii. Kumbe imeshajaa, haina pa kutokea. Yangu ilipata pa kutokea Temeke, kwenye saluni ya mpwa wangu, ambaye ana spika la inchi 15 la kuitia wateja. Aliiweka huku mashine ikiwa kisogoni mwa mteja. Noti ya kwanza ikatikisa kioo, kopo la poda likashuka rafu nzima, na mashine ikachora barabara kuanzia sikio hadi utosini. Mteja alilipa nusu, akaondoka na kofia ya mpwa wangu.

"Mjomba," akaniambia huku akiokota poda, "ngoma kali, ila inakula wateja."

Akafungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwenye kompyuta yake, akaingia kwenye plagini ya DX10, ambayo inafuata kanuni ileile ya Chowning, akachagua sauti yenye jina hilohilo, log drum, imekaa tayari. Vijana wa Gauteng, Afrika Kusini, anayetajwa zaidi akiwa MDU aka TRP, ndio walioigeuza kuwa uti wa mgongo wa amapiano. "Si hii hapa, Mjomba?"

Naijua. Ndiyo maana siitaki: harusi zote za mjini zinachezea besi hiyohiyo, bwana harusi mpaka MC. Lakini haki itendeke, ya kwake ilitoka safi na mteja aliyefuata kitini hakutingishika. Yangu ina mkwaruzo mwanzoni ambao sijausikia kwa mtu mwingine, na kwa mkwaruzo huo sirudi nyuma.

Kwa hiyo, msomaji, kama unauza spika la besi lililotumika, la inchi 12 au zaidi, lisilochanika, na bei yake si ya Kariakoo mkesha wa Idi, mimi ni mteja. Usafiri juu yako.