Fundi, Weka Drili Chini: Huu ni Ukuta wa Eksirei

Kabla hujatoboa, zunguka upande wa pili wa ukuta utafute kiti. Kliniki ikiwa imejibana ndani ya nyumba iliyokuwa ya kupangisha, Kisauni au Likoni, upande ule utamkuta mtu: dada wa mapokezi, mama anayesubiri na mtoto mgongoni, au mpangaji wa jirani aliyelaza kitanda chake sambamba na ukuta huohuo. Kaa kwenye kiti hicho. Mwenye kliniki ndiye atakayekulipa, lakini kazi unamfanyia huyu anayeketi hapa kutwa nzima, na yeye hatajua hata jina lako.

Njia uliyoizoea naijua. Soketi huku, soketi kule, mgongo kwa mgongo. Drili inaingia moja kwa moja, paipu inapita, plasta inafunika, chai inafuata. Katika chumba cha kulala haina neno. Katika chumba cha eksirei, umeifungulia mionzi mlango na haitapiga hodi. Mionzi hii huenda kwa mstari mnyoofu. Ikigonga mwili wa mgonjwa, sehemu yake husambaa kila upande, ikiwa hafifu lakini ikiwa bado na madhara kwa anayeipokea siku baada ya siku. Ukuta ulipigiwa hesabu uizuie. Tundu lako halikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Basi tundu bora ni lile ambalo hukulitoboa. Pitisha nyaya juu ya uso wa ukuta, ndani ya trunki, hadi mahali ambapo ramani ya kinga inaruhusu kupenya. Katika vyumba vya picha za kawaida, kinga ya ukutani huishia kiasi cha mita 2.1 kutoka sakafuni, kwa hiyo nyaya huvukia juu ya hapo, mradi hakuna watu ghorofani au upande wa pili kwenye kimo hicho. Chumba cha CT ni habari nyingine: kinga yake mara nyingi hupanda hadi dari. Uliza, usikisie.

Ikiwa lazima upenye kwenye kinga, pinda. Toboa kwa mshazari au uipe paipu kona, iingie mahali pamoja na kutokea pengine, kama mtu anayepita vichochoro vya Mji wa Kale. Kabla ya kuvuta waya, mwache mwenzako amulike tochi upande mmoja nawe uchungulie upande mwingine. Ukiona mwanga, umeshindwa jaribio la kwanza. Usipouona, bado hujafaulu, maana mionzi hupenya hata palipo giza: nyuma ya tundu unahitaji bamba la risasi linalopita kingo zake pande zote. Vilevile kwa kila boksi la soketi ulilolichimbia, kwa sababu hapo ukuta umeupunguza unene.

Na hapa Pwani ukuta wenyewe una mambo yake. Mawe ya matumbawe yana vitundu, na uzito hutofautiana jiwe kwa jiwe. Usimwambie mtu kwamba ukuta ni mnene kwa hiyo unatosha. Ukimaliza, ziba kwa mota nzito, au plasta ya bariamu ikiwa mhandisi ameiagiza. Lile povu la kopo linalofura na kukauka vizuri linapendeza macho, lakini mbele ya eksirei ni sawa na hewa.

Bamba la risasi lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 23 kwa mita mraba moja. Huteleza lisipoegemezwa ubao, na ukingo wake ni metali inayopitisha umeme, kwa hiyo waya upite ndani ya paipu na bamba liunganishwe na waya wa athi. Likate kwa mkasi wa bati, usitumie grainda. Vumbi lake ni sumu.

Hapa sitaki mzaha kabisa. Owino Uhuru, kule Mikindani, jirani na Changamwe, wakazi waliishi kando ya ukuta wa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Sumu iliingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano, akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sasa wewe unataka kubeba vipande vilivyobaki nyumbani Likoni ukayeyushe chubwi za mshipi juu ya jiko la makaa, watoto wakiangalia? Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na jiko lako linazifikia. Rudisha vipande vyote kwa mwenye kazi, oga, na nguo za kazi usizichanganye na za watoto.

Leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, inathibitisha kwamba unaujua umeme. Mionzi ina mwenyewe: Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mtaalamu aje na kipimo chake, mashine iwashwe ikielekezwa kwenye dumu la maji lililoshika nafasi ya mgonjwa, naye apime kila tundu kutoka kile kiti ulichokalia. Namba ikikataa, bomoa. Usibishane na kipimo.

Halafu mfikirie fundi wa AC. Mombasa hii joto halimsamehe mtu, na siku moja atakuja na drili nene kuliko yako, atafute ukuta wa karibu na nje, atoboe. Mchoree ramani: bamba liko wapi, paipu imepinda wapi, kimo gani hakiguswi, nani apigiwe simu kwanza. Itie kwenye plastiki, kwa maana unyevu wa bahari hula karatasi, uibandike ndani ya mlango wa sanduku la fyuzi. Nakala nyingine mpe dada wa mapokezi, umwonyeshe kwa kidole, na umwambie ana haki ya kumzuia fundi yeyote ambaye hajaisoma.