Laptopu Bila Ardhi

Nina ugomvi na namba moja: 128. Ndizo megabaiti ambazo laptopu yangu inadai kuwa nazo kwa ajili ya grafiki, yaani kumbukumbu ya kuchorea picha kwenye skrini, na kwa sababu yake nyumba yangu hapa Waa imegeuka ofisi ya malalamiko. Programu ya kuhariri video imekataa katakata kufunguka. Inataka 512. Haitaki 400 wala 500, tukaelewana kama watu wazima. Ni 512 au kila mtu ashike njia yake.

Video yenyewe si yangu. Ni ya mpwa wangu, ambaye ameamua kuwa mpiga video za harusi kuanzia Ng'ombeni mpaka Msambweni. Zamani kwetu Wadigo mpwa ndiye aliyekuwa akimrithi mjomba, si mtoto wa kumzaa. Desturi hiyo imefifia siku nyingi, ila naona mpwa wangu hakuletewa habari. Laptopu ameanza kuirithi nikiwa hai. "Mjomba, naiazima kidogo tu," hunambia, na hiyo kidogo huanza baada ya alasiri ikaisha kwa adhana ya alfajiri.

Ni laptopu ya mtumba, zile tunazoziita eksi-yukei. Niliinunua ng'ambo ya kivuko, Mombasa mjini, duka ambalo sitalitaja kwa sababu nataka kuishi kwa amani. Tumboni bado ina kibandiko cha kampuni moja ya Uingereza, chenye namba ya mali na mistari ya kusomwa na mashine. Muuzaji alinionyesha kibandiko hicho kwa fahari, kana kwamba ni hati ya tabia njema: chombo cha ofisini, Mwalimu, hakijawahi kumwagiwa chai.

Sasa, hiyo kumbukumbu ya grafiki. Laptopu za wacheza gemu huwa na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake yenyewe, chipu zake zimekaa pembeni, haziombi mtu. Yangu haina. Grafiki yake imo ndani ya prosesa ya Intel, na kumbukumbu inayotumia hukatwa kutoka RAM ile ile inayotumiwa na kila kitu kingine. RAM nzima ni gigabaiti 4. Mashine inapowaka, kabla Windows haijafumbua jicho, bayosi, yaani programu ya kwanza kuamka na kuiambia mashine iwake, hutenga kipande kidogo, ikasema hiki ni cha grafiki, asikiguse mtu. Kipande hicho ndicho 128 yangu. Baadaye kazi ikizidi, grafiki huchota zaidi kutoka RAM, hata kufika kama nusu yake. Maana yake laptopu hii inaweza kutumia karibu gigabaiti 2 kuchora picha, na bado mlangoni inajitangaza kuwa na 128. Na programu ya video, kwa uvivu wake, husoma tangazo la mlangoni tu. Haiingii ndani kuuliza.

Kwa kazi zangu mimi hizo 128 ni nyingi mno. Skrini yangu ina nukta 1366 kwa 768, kama milioni moja na kidogo. Kila nukta ikila baiti 4, picha nzima ya skrini ni kama megabaiti 4. Barua ya kwenda kwa chifu haihitaji zaidi ya hapo. Lakini mpwa wangu anarekodi kwa kile kinachoitwa 4K, nukta 3840 kwa 2160. Hizo ni zaidi ya milioni 8, na picha moja ikifunguliwa inakula kama megabaiti 33. Kwa hiyo 128 zinabeba picha nne basi. Video ina picha 25 au 30 kwa kila sekunde. Bi harusi akigeuza shingo tu, kumbukumbu imekwisha, na hapo shangazi zake hawajaanza hata kushuka kwenye matatu.

Nilimuuliza kwa nini harusi ya Tiwi, itakayotazamwa kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, irekodiwe kwa ukubwa wa sinema. "Mjomba, wateja ndio wanataka 4K." Wateja, nijuavyo mimi, wanataka pilau iwafikie na watu wa upande wao waonekane. Sijawahi kumsikia mama wa bi harusi akiuliza nukta.

Dawa, kila mjuzi anasema, iko kwenye bayosi. Unazima mashine, unaiwasha, na papo hapo unabonyeza F2, au F10, au Esc, au Delete, kutegemea mtengenezaji aliamka upande gani. Ndani utakuta mahali palipoandikwa DVMT kama grafiki yako ni ya Intel, au UMA kama ni ya AMD. Unaongeza namba, unahifadhi, unatoka.

Kwangu hapakuwa na DVMT. Palikuwa na tarehe. Palikuwa na saa. Palikuwa na pa kuchagua iwake kwa diski au kwa flashi. Palikuwa na pa kuwasha na kuzima taa za kibodi, na kibodi yenyewe haina taa. Na hayo machache nayo yalikuwa ya rangi ya kijivu, hayabonyezeki, mpaka utoe nenosiri la msimamizi.

Msimamizi! Matuga hatujawahi kupungukiwa na wasimamizi. Kenya School of Government ina tawi hapa hapa, na maafisa wa serikali huja kutoka pembe zote za nchi kufundishwa namna ya kusimamia. Ningeweza kusimama langoni pao nikaita msimamizi, wakageuka hamsini. Hakuna hata mmoja anayejua nenosiri langu. Anayelijua ni mtu wa kompyuta wa ile kampuni ya Uingereza, ambaye aliliweka miaka hiyo ili wafanyakazi wasichezee mitambo. Bila shaka amestaafu, anamwagilia waridi zake, wala hana habari kwamba kuna mzee wa Waa anamlaani kila jioni.

Watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa hali hii, tumezaliwa nayo. Mombasa wanaiita nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba yake, anaiezeka, anaipaka rangi, akitaka anaiuza, akifa wanawe wanairithi. Lakini kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine, na kodi ya ardhi lazima ilipwe. Huku mashambani nako mnazi unaweza kuwa wako na udongo ulioota usiwe wako. Basi na laptopu yangu ndivyo ilivyo. Kasha ni langu, chaja ni yangu, mikwaruzo ni ya mpwa wangu. Bayosi, ambayo ndiyo ardhi yenyewe, ina mwenyewe, na mwenyewe hakai hapa.

Nenosiri nililisamehe. Ni usahaulifu wa mtu mmoja. Kinachonikera ni kile nilichokuja kukijua baadaye: hata nenosiri lisingekuwepo, DVMT nisingeiona. Sehemu hiyo imo ndani ya chipu, inafanya kazi, namba zake zipo, ila mtengenezaji ameificha isitokee kwenye menyu. Kwa laptopu nyingi ndivyo wanavyofanya. Mwenye kompyuta ya mezani aliyeichagulia vipande vyake mwenyewe hufunguliwa kurasa kwa kurasa za kuchokonoa. Mwenye laptopu anapewa saa na tarehe, aridhike.

Sababu wanazo, nami nitazitaja nisije nikaitwa mtu wa kunung'unika bure. Mwaka 1998 mwanafunzi mmoja wa Taiwan, Chen Ing-hau, aliandika kirusi kilichokuja kuitwa CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi hicho kiliamka kwenye kompyuta nyingi duniani, kikafuta diski, na katika baadhi ya mashine kikaandika takataka juu ya bayosi yenyewe. Mashine iliyoharibiwa bayosi haiwaki tena, kwa kuwa bayosi ndiyo ya kwanza kuiambia iwake. Nawaelewa basi wanaoogopa. Lakini kumzuia kirusi ni jambo moja, na kumficha mzee aliyelipa pesa taslimu namba ya grafiki ni jambo jingine.

Tulimwendea fundi pale Kombani, penye njia panda ya kwenda Kwale. Fundi huyu anatengeneza simu, redio, feni na, nasikia, ndoa moja. Kibanda chake kina baraza, na baraza ina wazee, na wazee wana kahawa na maoni. Mmoja akasema tatizo ni joto, niifungue dirishani usiku. Mwingine akasema grafiki inauzwa Ukunda, ameiona kwa macho yake. Wa tatu hakuwa na la kusema juu ya laptopu ila alitaka kujua harusi ni ya nani na mbona yeye hakualikwa.

Fundi akafungua skrubu, ambazo hewa ya chumvi ilikuwa imezishika kutu. "Mwalimu, hapa tunatoa betri ya bayosi, nenosiri linajisahau lenyewe." Kwa mashine za kale hilo lilikuwa kweli, nenosiri liliishi kwa hisani ya ile betri ya duara ya volti 3. Laptopu za ofisi za siku hizi huliweka kwenye chipu isiyosahau hata betri uitoe uizike. Kilichosahau ni saa. Mashine ikawaka ikiamini tumerudi miaka mingi nyuma, na tovuti zote zikakataa kufunguka, maana vyeti vyao vya usalama, kwa tarehe ile, vilikuwa havijaanza kazi. Nenosiri lilikuwa palepale, zima wa afya.

Akaja na shauri la pili, kwa sauti ya chini kama muuza pembe. Kuna njia ya kuwasha laptopu kwa flashi yenye programu ndogo, ukaandika amri moja moja, ukabadili ile sehemu iliyofichwa bila kupitia menyu. Njia hiyo ipo kweli, na kuna waliofaulu, pale mtengenezaji hakuifunga nayo. Nikamuuliza nikikosea tarakimu moja itakuwaje. "Itakufa, Mwalimu. Lakini tunaweza kuifufua, tukipata kifaa cha kuandikia chipu." Unacho? "Sina." Nikamwambia afunge skrubu zake.

Mpwa wangu, ambaye hakubali kushindwa katika jambo lolote lisilohitaji jembe, akagundua njia ya tatu. Ndani ya Windows kuna daftari kubwa la mipangilio, rejistri. Ukifuata njia ya Intel humo, ukatengeneza tawi liitwalo GMM na ndani yake ukaandika 512, ukizima na kuwasha laptopu itajitangaza kuwa na 512. Na ikajitangaza kweli! Programu ya harusi ikasoma tangazo, ikaridhika, ikafunguka. Mpwa akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni mtoto gani kazaliwa.

Kumbukumbu haikuongezeka hata tone. Namba tu ndiyo iliyobadilika, jambo ambalo sisi raia wa nchi hii, tuliozoea kusomewa takwimu, hatukupaswa kulishangaa. Mpwa alipoweka video zake tatu juu ya meza ya kuhariria, gigabaiti 4 zikawa zimekwisha zote, laptopu ikaanza kutumia diski badala ya RAM, feni ikapiga kelele, na bi harusi akaganda skrini nzima amefumba jicho moja. Akakaa hivyo mpaka stima ikapotea.

Uamuzi wangu, basi, baada ya haya yote. Kuhangaika na 128 kulikuwa kuhangaika na tangazo. Kwa laptopu ya aina hii, anayetaka grafiki ainunulie RAM. Kipande cha pili cha RAM kikikaa kando ya cha kwanza, prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja, na kwa kuwa grafiki inaishi humo humo kwenye RAM, nayo hupata njia pana zaidi. Bayosi haiombwi ruhusa. Na mpwa wangu nimemwamuru atengeneze kwanza nakala ndogo za video zake, ahariri hizo, kisha programu yenyewe izibadilishe na zile kubwa mwishoni. Programu nyingi za video zina uwezo huo. Alikuwa anaujua muda wote. Aliona ni mambo ya watu wasio na kipaji.

RAM nimeinunua mimi. Nilipomkumbusha kwamba mwenye wateja ni yeye, alinitazama kwa upole akasema, "Mjomba, si itabaki kwenye laptopu yako?"

Nawe msomaji, ukivuka kivuko au ukipitia barabara ya Dongo Kundu kwenda kutafuta eksi-yukei yako, usisomewe kibandiko. Iwashe mbele ya muuzaji, ingia bayosi kabla ya Windows, uone kama inauliza nenosiri. Kisha ndani ya Windows fungua ukurasa wa kuangalia kumbukumbu, utazame kama kuna nafasi ya RAM iliyo tupu, maana laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imechomelewa na haiongezeki. Muuzaji akikwambia, "Hilo nenosiri halina shida, boss," mwambie vizuri, kama halina shida aliondoe yeye, hapo hapo, wewe ukitazama. Pesa utatuma akimaliza.