Mjomba Kigingi Anajibu: Udi Unagonga Ndani ya Kasha

*Mjomba! Mimi ni dereva, kwetu Mombasa, sasa naishi Umm Salal Mohammed, Qatar. Nimenunua kasha gumu la udi kwa mtu aliyekuwa anahama. Udi wangu umeingia, lakini nikilibeba unagonga ndani. Wenzangu wa chumbani wakanishauri nijaze nguo. Nimetia soksi na shati la kazini, sasa kifuniko hakifungi mpaka nikikalie. Nifanyeje?*
*— Wa Kugongewa*

Haya, mwanangu. Kwanza shuka juu ya kasha. Ukikikalia kifuniko unaukalia uso wa udi, ubao usiozidi milimita mbili hivi kwa unene.

Soksi zirudi miguuni. Nguo husogea na kujikusanya, udi ukaendelea kugonga palepale. Na shati la dereva la mwezi Julai! Jasho lile likifungiwa humo, nyuzi nene zilizoviringishwa madini zitachakaa kabla hujapiga hata wimbo mmoja.

Nahisi udi wako ni wa Kituruki na kasha ni la Kiarabu. Wa Kituruki ni mdogo: uzi wake hupimwa kama sentimita 58 na nusu, wa Kiarabu hufika 61. Kwa hiyo shingo haikuti mto wake, nayo shingo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Nunua mkeka wa mazoezi, ule wa sponji ngumu, ukate. Kipande cha kwanza kikae chini ya shingo, karibu na inapoungana na tumbo, kiinue shingo kiasi kwamba kile kichwa kilichopinda nyuma kisiguse kitu chochote. Kasha likianguka, kichwa hicho ndicho cha kwanza kuvunjika. Vipande vingine vibane ubavuni, penye upana. Chini ya mgongo weka sponji laini, maana mgongo wa mviringo ukiegemea sehemu moja, mbavu zake huachana. Juu ya yote tandika mahameli, au kanga iliyochoka (omba ruhusa ya mwenyewe). Ukitumia gundi, acha kasha wazi mpaka harufu iishe kabisa ndipo udi ulale humo.

Sasa paka chaki juu ya daraja, funga polepole, fungua. Kifuniko kikitoka na chaki, punguza sponji ya chini. Kisha libebe, litikise kidogo. Likigonga, rudi kwenye mkasi.

Kama ufa umeshatokea, usijitie ufundi. Nenda Katara, kile kijiji cha utamaduni cha Doha, kwenye chuo cha muziki. Hapo hufundishwa udi, nao walimu hawakosi kumjua fundi.

Na usiliache kasha garini. Agosti, wewe uko soko la samaki la Umm Salal unabishania bei ya chewa, ambaye huko wanamwita hamour, gari linaungua jua, gundi inalainika, daraja linang'oka. Ingia nalo sokoni. Wauza samaki watakuzoea.

*Mjomba, nimepewa kasha la gitaa bure. Udi wangu utaingia?*
*— Mpenda Vya Bure, Al Khor*

Hauingii. Tumbo la udi lina kina cha sentimita 18 hadi 20, la gitaa ni kama nusu yake. Usilazimishe. Kasha unalo, tafuta gitaa.