Kwa Heshima ya Steringi Mwenye Kisirani

Kila Desemba vijana wanaowaingizia watu muvi kwenye flashi pale Moshi mjini hupata mteja wa aina moja. Anataka za Krismasi, za mapenzi, zenye theluji, na ziishie vizuri. Anapewa. Anarudi nazo kijijini kwetu Chekereni, jua linachoma mpaka maji ya majaruba yanapata uvuguvugu, ukoo unajipanga mbele ya runinga, na hata dakika kumi hazijapita nyumba nzima imeshakubaliana kwamba huyu dada hafai.

Anakatiza barabara akibwata kwenye simu. Amemkaripia mhudumu kwa sababu ya kahawa. Ametumwa na kampuni yake ya mjini kwenda kufunga kiwanda kidogo cha midoli katika kijiji ambacho watu wake wote wanatabasamu, na amefika huko na viatu vya visigino virefu. Akikaribishwa biskuti anasema hali sukari. Mama anasonya. Shangazi anauliza, “Huyu ndiye steringi?”

Ndiye, shangazi. Nami nataka kumsifu, wala simvishi kilemba cha ukoka. Namsifu kwa haki, kwa sababu katika filamu nzima yeye peke yake ndiye anayefanya kazi.

Hebu tuwatazame wenzake. Kuna seremala mjane mwenye shati la mirabamiraba, ambaye kwa dakika tisini anapiga randa ubao mmoja. Kuna binti yake wa miaka minane anayetoa mawaidha kama mzee wa kanisa. Kuna bibi anayejua kila kitu na hasemi mpaka mwisho. Wote wema, wote wapole, wote wamekaa wanangoja. Mtoe yule dada mwenye kisirani ubaki na nini? Ubaki na watu wanaopamba mti. Hakuna anayeanguka, hakuna anayekosea, hakuna wa kuombwa radhi. Ni kisirani chake kinachosukuma gari, na hao wapole wamepakiwa nyuma wakiimba.

Tena ni mkweli kuliko mazingira aliyowekwa. Hallmark, kampuni ya kadi ya Kansas City, ilianza msimu wake wa runinga wa kuhesabu siku za kuelekea Krismasi mwaka 2009, na sasa kila mwaka inatoa makumi ya filamu hizi. Nyingi hupigwa Kanada, na mara nyingi katikati ya kiangazi chao, waigizaji wamevaa makoti ya sufu na skafu, theluji ikiwa ni povu na karatasi. Basi mtu aliyevishwa koti zito mwezi wa Julai, akaambiwa atetemeke, akinuna utamlaumu? Kila kitu kingine pale ni cha kutengeneza, ila kununa nadhani kunakuja kwenyewe. Sisi wa Chekereni tunamwelewa vizuri, kwa kuwa hali yetu ni ileile iliyogeuzwa: theluji tunayo ya kweli, ipo Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, asubuhi kabla mawingu hayajafunga unaiona yote kutoka kwenye tuta la jaruba, nawe umevaa singlendi na jasho linakutiririka.

Nasaba yake si ya kudharau. Babu yake ni Scrooge, yule bahili wa Charles Dickens. Kitabu kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala elfu sita za kwanza zilikwisha kabla ya Krismasi. Scrooge alikuwa na mpwa, kijana mkarimu, mcheshi, anayemwalika mjomba wake chakula kila mwaka bila kukata tamaa. Taja jina lake. Umeona? Anaitwa Fred, na hakuna anayemkumbuka. Mjomba mwenye roho ya korosho ndiye aliyeingia mpaka kwenye kamusi ya Kiingereza. Wema wa Fred ulikuwa mkamilifu tangu ukurasa wa kwanza, na ukamilifu hauna stori.

Baada yake wakaja wajukuu. Mwaka 1940 Ernst Lubitsch alitengeneza filamu ya wauza duka wawili wa Budapest, wasiopikika chungu kimoja kazini huku wakiandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Mwanamume, Kralik, akagundua mapema kwamba mwandishi wa zile barua ni huyuhuyu anayegombana naye kila siku. Alimwambia? Thubutu. Alikaa na siri hiyo, akawa anamchezea mwenzake akili mpaka mkesha wa Krismasi, na dunia imekuwa ikifuta machozi kwa filamu hiyo hadi leo. Mwaka 1995 akaja Lucy, mkata tiketi za treni wa Chicago. Alimwokoa mtu aliyeanguka relini. Familia ikamdhania ni mchumba wa mgonjwa aliyepoteza fahamu, naye akanyamaza akala nao Krismasi. Mwaka 2017 Amber, mwandishi wa habari, aliingia kwenye jumba la mfalme akijidai ni mwalimu wa binti wa kifalme, akapekua nyaraka za siri za ukoo, na malipo yake yakawa ni kuchumbiwa na mwana wa mfalme. Nakuomba ukajaribu hayo kwenye ukoo wowote wa Kibosho, halafu uje utusimulie ulivyochumbiwa.

Hapa niseme jambo moja pembeni, maana linanikera. Kisirani kikiwa cha mwanamke, sebule nzima inasonya. Kikiwa cha mwanamume, wanasema ana mawazo. Katika ile filamu ya Uingereza ya 2003 iliyojaa mapenzi ya Krismasi mpaka yanamwagika, Love Actually, Waziri Mkuu anaona wivu, anaagiza binti anayemletea chai ahamishwe kazi, na bado wanawake wa mtaani kwetu wanamwita mtanashati. Humo humo kuna bwana anayekwenda mkesha wa Krismasi mlangoni kwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, rafiki aliyeoa juzijuzi, akamwonyesha bibi harusi mabango ya kumweleza kwamba anampenda, huku mume amekaa ndani akidhani ni waimba nyimbo za Noeli. Angekuwa mwanamke huyo! Kwa hiyo sifa zangu leo nazielekeza zaidi kwa akina dada. Hawa mabwana wameshasifiwa vya kutosha.

Kuna watunzi wasiojua thamani ya kisirani, wakadhani ni ugonjwa wa kutibiwa haraka. Mwaka 2022 Lindsay Lohan aliigiza binti wa tajiri wa mahoteli, mwenye madaha ya kutisha, aliyeporomoka mlimani akajigonga kichwa, akapoteza kumbukumbu, na papo hapo akawa mpole. Yaani tabia njema imeingia kwa kugongwa. Sisi tunaoishi chini ya mlima tuna mashaka na dawa hiyo. Kila mwaka maelfu ya wageni hupanda Kilimanjaro. Wengine huugua kwa urefu na kuteremshwa na wapagazi, lakini sijasikia mpagazi akisema kwamba aliyepanda na majivuno aliteremka bila hayo.

Lakini kwa nini nihangaike na Kanada na Chicago? Filamu yenyewe huigizwa hapa kila mwaka, na haihitaji kamera. Desemba ikifika katikati, Wachaga waliosambaa nchi nzima wanarudi nyumbani. Dar es Salaam inabaki nyeupe. Mabasi ya kuja Moshi yanajaa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inatoa vibali kwa magari ya ziada, na tangu Desemba 2019, treni ya abiria iliporejea Moshi baada ya robo karne, mabehewa nayo yana hadithi zake. Wa Machame anapanda Machame, wa Marangu Marangu, wa Rombo Rombo. Sisi wa tambarare, Wachaga, Wapare, Wakahe na waliofuata mpunga, tunapata fungu letu: mmoja wao anashuka huku kuangalia jaruba lake, kioo cha gari amekipandisha, simu sikioni.

Huyo ndiye steringi wetu. Anauliza kwa nini mtandao unakatakata. Anauliza hawa mbu hawana mwisho? Anatazama choo, anarudi, anasema atasubiri. Akipewa mbege anainusa kama mtu wa viwango aliyekuja kukagua. Mtori anasema umezidi mafuta, kisusio hata hatazami, siku hizi daktari wake kamkataza. Binamu zake wanamwigiza akigeuza kisogo. Nami ninawaambia muacheni, kwa sababu ukizungukia kijiji utaona kwamba nusu ya vitu vizuri vilivyopo vimeletwa na manung’uniko ya mtu kama huyo. Choo cha vigae kilijengwa na aliyekataa cha shimo. Tangi la maji lilinunuliwa na aliyesema hawezi kuoga kwa kopo. Aliyekuja na tabasamu, akasema kila kitu kiko safi na nyumbani ni nyumbani, alikula akaondoka, tukabaki na shimo letu.

Na hata asiyetoka mjini, kisirani kina kazi yake hapa. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa ushirikiano na Japani ukakamilika mwaka 1987, ukatuletea majaruba yaliyopimwa, mifereji ya zege na zamu za maji. Mpunga ulipoonekana unalipa, wa juu nao wakaulima nje ya mradi, na maji ya mito ya Njoro na Rau yakawa yanatufikia sisi wa chini yamechoka. Sasa zamu inataka mtu wa kuilinda. Anatakiwa mtu anayeweza kusimama kwenye geti la mfereji usiku, shemeji yake akaja kuomba nusu saa tu, naye akasema hapana, na kesho wakakutana msibani akamsalimia kama kawaida. Hapendwi na mtu. Harusini wanamweka meza ya pembeni. Mweke pale yule seremala wa shati la mirabamiraba: akiombwa na mjane atafungua, akiombwa na mtoto mwenye macho makubwa atafungua, na alfajiri majaruba ya wenzake yatakuwa yamepasuka nyufa. Tuna chuo cha kilimo cha mpunga hapahapa Chekereni, KATC, na wanafundisha mambo mengi ya maana. Ukali wa kwenye geti mtu huja nao kutoka kwao.

Afrika Kusini walilielewa hili kabla yetu. Tamthilia yao ya Krismasi iliyotoka Netflix Desemba 2020, How to Ruin Christmas, haikumficha steringi wake nyuma ya biskuti. Tumi, aliyeigizwa na hayati Busi Lurayi, anarudi nyumbani kwenye harusi ya ndugu yake Beauty na kuitibua. Hajapigwa kichwani apoteze kumbukumbu. Anakosea, anakasirisha, anajaribu kurekebisha, anaharibu zaidi. Shangazi alimsonya mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza msimu wa pili tutaupata lini. Lurayi alifariki Julai 2022, na nikuambie, waliosikitika nyumbani kwetu walikuwa walewale waliosonya.

Ninalo lalamiko moja tu, nalo si juu ya dada mwenye kisirani bali juu ya wanaomwandikia. Hawajui kumwombesha radhi. Inakuja ile mbio ya uwanja wa ndege, kinanda kinalia, mtu anaruka vizuizi, hotuba ndefu mbele ya abiria. Sisi tunao uwanja, KIA, tangu 1971, lakini mpenzi wa Chekereni mpaka apande bodaboda afike lami, asubiri daladala ijae, kondakta aongeze wawili, ndege imeshapita juu ya vichwa vyao. Kwa bahati nzuri Wachaga hawakuliacha jambo zito hivyo litegemee usafiri. Mkosaji anachukua jani la isale, mmea uleule unaopandwa kwenye mipaka ya kihamba, anakwenda nalo kwa aliyemkosea. Jani likifika, kukataa kusamehe ni aibu kubwa kuliko kosa lenyewe. Hakuna kinanda. Na uzuri wake, jani halimtaki mtu abadilike awe seremala. Anasamehewa hivyohivyo alivyo na ulimi wake, kisha chakula kinaendelea.

Filamu haziridhiki na msamaha. Ndani ya dakika tano za mwisho lazima wamng’oe yule dada kila kilichomfanya atazamike. Anavua visigino. Anaizima simu. Anapigiwa na bosi kwamba amepandishwa cheo New York, mshahara mara mbili, naye anatazama nje dirishani, anaona seremala na binti yake wanajenga mtu wa theluji ya karatasi, anasema asante, nabaki hapa kuoka biskuti. Muziki unapanda. Watoto wanapiga makofi.

Mwaka jana shangazi, aliyekuwa amemsonya tangu kwenye kahawa, alisimama akashika kiuno mbele ya runinga. “Wewe, rudi kazini!” alimwambia. “Huyo mwanamume ana deni benki, tumeambiwa tangu mwanzo. Ada ya huyo mtoto utalipa kwa biskuti?”