Namna ya Kuzika Hadithi za Bibi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu makini: mzazi aliyesoma, mwalimu mkuu mwenye malengo, mfadhili anayetaka matokeo kabla ya robo mwaka kuisha, na yule mjomba ambaye akisikia sungura kasema neno lazima aikumbushe hadhira kwamba sungura hasemi. Mmechoka, na ni haki yenu. Dunia ina setilaiti, na watoto bado wanataka kujua fisi alifanywaje. Habari njema ni kwamba kazi ya kuzika hadithi imeshajaribiwa na wakubwa kuliko sisi. Fuata nyayo zao tu, ukirekebisha pale walipoteleza.

Anza kwa kuiandika. Hadithi ya mdomo ni msumbufu: kila usiku inabadilika, haina toleo rasmi, haina mwenyewe wa kuitwa ofisini. Ukiiandika umeitia pingu. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja, alizikusanya ngano za watu wa pale na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Tumtendee haki: hakuwa na nia ya kuua kitu, alitaka wenzake wajifunze lugha. Lakini chukua kisa kimoja humo, kile cha Sultani Darai, uone pingu zilivyofanya kazi.

Hamdani ni fukara anayechakura jalalani akiokota punje za mtama. Siku moja anaokota thumni. Mtu mwenye akili angenunua chakula. Yeye ananunua paa, na majirani wanamcheka. Kumbe paa anasema. Anakwenda kwa sultani kumposea bwana wake binti, anatunga uongo kwamba bwana huyo ni tajiri mkubwa aliyeporwa njiani, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na jumba la nyoka linakuwa la bwana. Mfaransa akifika hapa anatabasamu, maana anamjua mnyama huyu: kwao ni paka aliyevaa viatu, aliyetolewa kitabuni Paris na Charles Perrault mwaka 1697. Paka wa Perrault anamaliza vizuri, anapewa ukubwa na panya anawafukuza kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaugua. Anatuma salamu kwa bwana wake kwamba hali si nzuri. Bwana, ambaye sasa ni Sultani Darai na anakaa kwenye jumba alilopewa na huyo huyo mgonjwa, anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu. Mke anamsihi, mume hasikii. Paa anakufa, mzoga unatupwa kisimani. Na usiku ule Darai analala sultani, anaamka Hamdani, yuko jalalani, anachakura.

Sasa mweleze mtoto wa miaka sita kwamba kisa hicho kimefungwa kitabuni tangu 1870 na hakina la kumwambia. Atakuuliza kwa nini hakumpa uji mzuri. Ukimjibu umeshaanza kusimulia, na kazi yote imeharibika. Mimi nakiona kisa hiki kuwa bora kuliko cha Perrault kwa mbali sana, lakini mwongozo si mahali pa kutoa maoni.

Kalamu ikikushinda, jaribu sabuni. Hapa mabingwa ni ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliotoa juzuu la kwanza la ngano zao mwaka 1812. Walilalamikiwa kwamba kitabu hakifai watoto, na Wilhelm akaingia kazini: alisugua toleo baada ya toleo hadi la mwaka 1857. Katika lile la kwanza, Rapunzel aliyefungiwa mnarani anauliza kwa ushamba wake mbona nguo zinambana siku hizi. Kila mama aliyesoma alielewa mwana wa mfalme alikuwa akipanda pale kufanya nini. Swali likafutwa. Katika toleo hilo hilo, mama aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Kufikia 1819 ameshageuzwa mama wa kambo, maana ilionekana vibaya mzazi wa damu kuwa na roho ile. Akina mama wa kambo wamebeba kesi hiyo miaka mia mbili bila wakili. (Huku kwetu hatukuwahitaji Wajerumani kwa hilo, mama wa kambo alishahukumiwa zamani.) Matokeo ya usafi wote huo? Nakala za ndugu hao zenye masahihisho yao ya mkono ziko Kassel, na mwaka 2005 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Walisugua doa, na doa likawekwa makumbusho.

Marufuku nayo ina wapenzi wake. Mwaka 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, aliandika katika gazeti la Pravda kulishambulia shairi la watoto la Korney Chukovsky, linalomhusu mamba anayetembea barabarani Petrograd akivuta sigara na kusema Kituruki. Aliona ni upuuzi usiojenga taifa. Hoja yake ilikuwa nzito, tatizo ni kwamba mamba anayevuta sigara ni mtamu kuliko hoja. Mwandishi Maxim Gorky akajitokeza kumtetea Chukovsky, na mamba akaendelea kutembea. Bibi zetu walikuwa wajanja zaidi katika fani ya marufuku. Wengi tuliambiwa kwamba ukitamba hadithi mchana utaota pembe. Ujumbe ulifika: kuni zilichanjwa, maji yalitekwa, na jua lilipozama kila mtu alikuwa amekaa mahali pake hata bila kuitwa. Kwa hiyo ukitaka kupiga marufuku, tafadhali usipige ya nusu siku.

Njia ya wasomi ni kudai ushahidi. Mlenge Abunuwasi, mjanja wa ngano zetu, maana huyu ana kumbukumbu za serikali. Alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, hodari wa mashairi ya mvinyo. Simama mbele ya darasa useme hivyo. Ongeza kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa aliwahi kuazima sufuria kwa jirani, akairudisha na sufuria ndogo ndani akidai imezaa, kisha akaazima tena na safari hii akatangaza msiba wa sufuria. Sema pia kwamba kisa hicho hicho Waturuki wanamsimulia Nasreddin na Waarabu wanamsimulia Juha, kwa hiyo kuna mtu anadanganya. Darasa litakuwa kimya. Halafu mmoja wa nyuma atanyoosha mkono: jirani alikubali vipi kwamba sufuria imezaa? Na mwenzake atamjibu kabla yako: kwa sababu alipata sufuria ya bure. Hapo utakuwa umefundisha uchumi, jambo ambalo halikuwa kwenye andalio la somo.

Silaha ninayoiheshimu kweli ni mtihani. Chukua ngano yoyote, iwe fupi, chini yake andika: "Tunajifunza nini kutokana na hadithi hii?" Toa alama mbili. Nimeona watoto wachangamfu wakilegea mabega mbele ya swali hilo, na kwa mara ya kwanza hadithi ikanuka kama dawa ya mswaki. Perrault naye alibandika funzo la mashairi mwisho wa kila kisa, ila watoto wana kipaji cha kufunga kitabu mapema. Kwenye karatasi ya mtihani hawawezi kufunga. Udhaifu ni mmoja: kengele ikilia wanatoka nje, na huko chini ya mwembe hadithi husimuliwa bila alama.

Filamu usiitegemee. Walt Disney alimtoa Snow White sinema mwaka 1937, na tangu hapo kila studio inarudia ngano zile zile kwa nguo mpya. Unawapa kazi washonaji tu.

Inabaki njia ya kunyamaza: usisimulie, na uhakikishe hakuna anayesimulia. Kagua sebule, kagua vyumba. Jikoni uchukue tahadhari, maana dada wa kazi akichambua mchele huku watoto wamemzunguka huwa haombi kibali kwa mtu. Ukisikia kutoka kule "Paukwa!", usiitike. Hapo ndipo maafisa wengi walipopotea: mdomo unasema "Pakawa" kabla kichwa hakijapitisha uamuzi, na baada ya hapo ni aibu kuondoka fisi akiwa bado kisimani. Ikitokea hivyo, kaa, sikiliza hadi mwisho. Kesho yake, kwenye ripoti, sehemu ya mafanikio, andika kwamba zoezi linaendelea.